Duka dogo la vitenge mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutengeneza tovuti

Majibu haya ni ya mtu mwenye duka dogo, tuseme la vitenge na kanga, anayeuza kwa Instagram na WhatsApp na sasa anataka tovuti yake. Mifano mingi ni ya Tanzania. Penye tofauti kubwa na Kenya tumesema.

Wateja ninao tayari WhatsApp. Tovuti ya nini?

Kama unapata oda tatu kwa wiki, subiri kwanza. Tovuti huanza kujilipa siku ile unapojibu "bei gani?" mara arobaini na mchana umeisha hujafunga mzigo hata mmoja. Faida nyingine ni umiliki. Ukurasa wa mtandao wa kijamii ukifungiwa leo, wateja, picha na bei vinaondoka nao, na hakuna mlango wa kugonga.

Usiiache WhatsApp. Weka kiungo chake kwenye kila ukurasa wa bidhaa, kwa muundo wa wa.me/2557XXXXXXXX. Namba ianze na 255, bila sifuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha. Ukiandika 07, mteja ataambiwa namba haipo na hatarudi kukueleza.

Nianze na kipi?

Wengi huanza na nembo na rangi. Anza na maombi ya malipo, maana ndiyo yanayochelewa kuliko vyote. Kampuni ya kupokea malipo kwa kawaida huomba cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, TIN, leseni ya biashara, kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki. Kwa Kenya ni cheti cha usajili kinachopatikana kupitia eCitizen, pamoja na PIN ya KRA. Majina kwenye karatasi zote yafanane herufi kwa herufi. Cheti kikiwa na maneno mawili na akaunti ya benki matatu, maombi hurudishwa na unaanza foleni upya.

Wakati hayo yanasubiriwa, nunua jina la tovuti (anwani watu watakayoiandika, kama dukalako.co.tz), kodi nafasi kwenye seva (kompyuta inayoihifadhi tovuti mtandaoni), piga picha.

Jina liishie na .com au .co.tz?

Kama wateja wako wako Dar, Mwanza na Arusha, .co.tz inatosha na inamwonyesha mtu kwamba duka liko nchini. Majina ya .tz yana rejista yake Tanzania, na ya .ke yako chini ya KeNIC ya Kenya. Yote unayanunua kwa wakala aliyesajiliwa. Kama unatuma mizigo Muscat au London, chukua .com. Ukiweza kuyalipia yote mawili, moja lielekeze kwa jingine.

Lijaribu jina kwa simu: limtajie mtu mara moja, kisha mwambie aliandike. Akiuliza "ni k au c?", tafuta jingine. Vistari na tarakimu katikati ya jina ndivyo vinavyowapoteza watu zaidi.

Fundi anasema atanisajilia jina yeye mwenyewe. Kuna ubaya?

Upo, na ndio unaoumiza wenye maduka kuliko jambo lolote kwenye ukurasa huu. Aliyeandikwa kama msajiliwa ndiye mwenye jina. Fundi akisafiri, akikorofishana nawe au akiacha kazi hiyo, huwezi kuhamisha tovuti wala kulipia mwaka mwingine, hata kama risiti zote unazo wewe.

Kwa hiyo fungua akaunti ya wakala wewe mwenyewe, kwa jina lako, namba yako na barua pepe yako. Fundi mpe ruhusa ya kuingia, na baadaye uibadilishe nywila. Barua pepe ya usajili isiwe ile inayotumia jina hilo hilo la tovuti. Sababu yake: jina likiisha muda, barua pepe zake nazo hufa, na onyo la kulipia linatumwa kwenye sanduku lisilofunguka tena.

Kwa .com, jina likishafutwa kwa kutolipiwa hukaa siku 30 za kukombolewa, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa moja kwa moja, halafu yeyote anaweza kulichukua. Washa malipo ya kujirudia na hakikisha kadi iliyowekwa haijaisha muda. Kulilipia miaka miwili au mitatu mapema ni usalama wa bei nafuu.

Nikodi seva ya aina gani?

Kwa duka la bidhaa zisizozidi mia chache, nafasi ya kuchangia seva na wengine inatosha. Uliza mambo manne: toleo la PHP (lugha inayoendesha programu za duka kwenye seva) liwe 8 au zaidi, kumbukumbu ya programu ifike MB 256, nakala rudufu zichukuliwe kila siku, na bei ya mwaka wa pili ni kiasi gani. Hilo la mwisho watu hawaulizi, na bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo. "Bila kikomo" huwa ina kikomo. Kiko kwenye masharti, mara nyingi ni idadi ya mafaili.

WordPress na WooCommerce, au huduma ya kulipia kila mwezi kama Shopify?

WordPress ni programu ya kutengeneza tovuti, na WooCommerce ni nyongeza yake ya duka. Zote ni bure, unalipia seva tu, lakini masasisho, ulinzi na nakala rudufu ni juu yako. Shopify inakuondolea kazi hiyo kwa ada ya kila mwezi inayotozwa kwa kadi. Uamuzi uutoe kwenye malipo: kabla ya kuchagua, iulize kampuni ya malipo kama ina programu-jalizi (nyongeza ya kupachika kwenye tovuti) tayari ya jukwaa hilo, na ilisasishwa lini mara ya mwisho. Kwa duka linalotegemea pesa za simu, sisi tunaelemea WooCommerce. Majibu yanayofuata yanaichukulia hiyo.

Mipangilio gani nibadilishe siku ya kwanza?

Sarafu weka TZS, na desimali ziwe 0. Ukiziacha mbili, kitenge kitasomeka 32,000.00, na kuna mteja atakayesoma milioni tatu na laki mbili. Baadhi ya mifumo ya malipo hukataa kabisa kiasi chenye nukta.

Saa za eneo chagua Dar es Salaam au Nairobi. Ukiziacha kwenye UTC (saa za kimataifa), ofa uliyopanga ianze usiku wa manane itaanza saa 9 usiku. Na unapoandika muda wa kupeleka mzigo, andika "saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni" kwa maneno. Tarakimu za 9:00 na 17:00 zikikaa peke yake, nusu ya wateja watazisoma kwa saa za Kiswahili na kumngoja bodaboda saa tisa.

Kwenye fomu ya oda, namba ya simu iwe ya lazima na postikodi iwe ya hiari, maana wachache wanaikumbuka. Ongeza nafasi ya "mtaa na alama ya karibu". "Sinza Kijiweni, nyuma ya msikiti, geti la bluu" humfikisha bodaboda haraka kuliko jina la barabara.

Nipokee pesa kwa njia gani?

Ziko tatu, na maduka mengi hupanda kutoka ya kwanza kwenda ya pili.

Ya kwanza ni Lipa Namba (Kenya, Till au Paybill). Unaionyesha kwenye ukurasa wa mwisho wa oda, mteja analipa kwa simu yake, anajaza namba ya muamala, wewe unahakiki kwa mkono. Haihitaji fundi, na hadi oda kumi kwa siku inabebeka.

Ya pili ni kampuni inayokusanya mitandao yote mahali pamoja: M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa na kadi. Selcom na Pesapal ni mifano. Unaweka programu-jalizi yao na funguo (nywila za kuunganisha) walizokupa, na mteja anapokea ujumbe kwenye simu unaomtaka aweke PIN. Makato yapige hesabu kabla ya kupanga bei. Ukikatwa asilimia 3, kwenye kitenge cha 30,000 zinaondoka 900. Kama faida yako ni 4,000, hiyo ni karibu robo yake. Uliza pia pesa inaingia benki baada ya siku ngapi, kwa sababu mzigo wa kesho unanunuliwa kwa pesa ya leo.

Ya tatu ni kuunganisha moja kwa moja na mtandao wa simu. Kenya, Safaricom hutoa mfumo wa Daraja kwa kazi hiyo. Hapa unahitaji mtu anayeandika msimbo. Namba ya mteja lazima ifike kwa muundo wa 2547XXXXXXXX au 2541XXXXXXXX, lakini wateja huandika 07, +254, na wengine huacha nafasi katikati, hivyo isafishe kabla ya kuituma. Kiasi kiwe namba kamili. Tokeni ya kuingilia (ruhusa ya muda ambayo Daraja huipa tovuti yako) huisha baada ya sekunde 3,600, ndiyo maana kuna maduka yanayofanya kazi vizuri kwa saa moja kisha kila malipo yanakataliwa.

Majibu ya Daraja yanasomeka hivi: 0 malipo yamepita, 1 salio halitoshi, 1032 mteja amekatisha, 1037 simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati, 2001 PIN si sahihi. Mwonyeshe mteja sababu hiyo kwa Kiswahili. "Salio halikutosha, ongeza kisha ujaribu tena" inaokoa oda. "Kosa 1" inaipoteza.

Pesa imeingia lakini oda bado inasema "inasubiri malipo". Kwa nini?

Mtandao wa malipo unapomaliza, hutuma taarifa kwenye anwani maalumu ya tovuti yako. Taarifa hiyo haijafika, au imefika ikakataliwa. Angalia kwa mpangilio huu.

Anwani ianze na https, na cheti cha SSL (kinachoifanya tovuti iwe na muunganisho salama) kiwe hai. Kisha tazama "www". Kama tovuti yako huelekeza kila mgeni kutoka anwani isiyo na www kwenda yenye www, na wewe ulisajili ile isiyo nayo, taarifa hugongana na mwelekeo huo na yaliyomo hudondoka njiani. Kwa kivinjari kila kitu kinaonekana sawa, ndiyo maana kosa hili linaweza kukaa wiki nzima bila kugundulika. Sajili anwani ya mwisho kabisa, ile inayobaki kwenye kivinjari ukurasa ukishafunguka. Baada ya hapo, tazama kama programu ya ulinzi imezuia maombi yanayotoka nje.

Mwambie fundi mambo mawili yasiyo ya hiari. Oda isihesabiwe kuwa imelipwa kwa sababu tu mteja amerudi kwenye ukurasa wa "asante". Ukurasa huo mtu anaweza kuufungua bila kulipa. Na taarifa moja ikija mara mbili, oda isihesabiwe mara mbili. Kila taarifa ilinganishwe: namba ya oda, namba ya muamala, na kiasi. Mteja aliyelipa 3,000 badala ya 30,000 asipewe mzigo na mashine.

Kabla ya kufungua duka, nunua bidhaa ya shilingi 1,000 kwa simu yako kwenye kila mtandao. Mara moja lipa, mara moja katisha, mara moja acha ujumbe wa PIN ujifie wenyewe. Pale ambapo hukulipa, tazama kama idadi ya bidhaa stoo imerudi au la.

Mteja ametuma picha ya ujumbe wa malipo. Nitume mzigo?

Hapana. Ujumbe huandikwa na yeyote na picha huhaririwa kwa dakika moja. Fungua taarifa ya akaunti yako au menyu ya simu ya biashara, tafuta namba ya muamala, linganisha kiasi na saa. SMS iliyoingia kwenye simu yako nayo isikutoshe kama imetoka kwenye namba ya kawaida. Msaidizi wa dukani apewe uwezo wa kuona miamala bila uwezo wa kutoa pesa, vinginevyo atalazimika kuamini picha kila unapokuwa safarini.

Tovuti inafunguka polepole. Tatizo ni seva?

Mara nyingi ni picha. Picha ya simu janja yenye upana wa pikseli 4,000 huwa na MB 3 hadi 5. Weka ishirini kwenye ukurasa mmoja na umemtaka mteja achome MB 60 au zaidi za bando lake ili aone vitenge. Zipunguze ziwe na upana wa pikseli 1,200, zihifadhi kwa WebP (muundo mwepesi wa picha), kila moja iwe karibu na KB 100. Ukurasa ule ule sasa ni MB 2.

Piga mlangoni au dirishani asubuhi, jua lisipige moja kwa moja, kitambaa kikiwa juu ya shuka jeupe. Zima vichujio vya urembo vya kamera. Bluu ya indigo ikitoka zambarau kwenye picha, mzigo utarudi na nauli ni yako. Picha tatu zinatosha: kitambaa kizima, ua kwa karibu, na kimoja kikiwa kimekunjwa mkononi ili mtu auone uzito wake.

Maelezo ya bidhaa yawe marefu kiasi gani?

Marefu kiasi cha kumaliza maswali ya WhatsApp. Kwa mfano:

"Kitenge cha wax, pamba tupu, yadi 6 (karibu mita 5.5). Bluu iliyokolea na maua ya njano. Kinatosha gauni refu na kilemba. Fua kwa maji baridi mara ya kwanza peke yake. Namba: KT-014. Vimebaki 3."

Kwa kanga, sema ni doti, andika jina, yaani maneno yaliyo kwenye pindo, neno kwa neno, na upige picha yake isomeke. Mnunuzi wa kanga hununua maneno kabla ya rangi, na ni maneno hayo hayo atakayoyaandika anapotafuta Google.

"Vimebaki 3" iwe kweli. Washa usimamizi wa stoo. WooCommerce ikikaa kama ilivyokuja, humshikia mteja bidhaa dakika 60 bila malipo, kisha oda hufutwa na bidhaa kurudi. Kwa malipo ya simu, 20 zinatosha.

Gharama za kusafirisha nizipangeje?

Kwa kanda. Wilaya tano za Dar ziwe na bei za bodaboda, Kigamboni ikiwa yake kwa sababu ya kivuko au daraja. Mikoa ya basi iwe kundi jingine, Zanzibar lake, nje ya nchi lake. WooCommerce husoma kanda kutoka juu kwenda chini na kushika ya kwanza inayolingana, kwa hiyo "Tanzania nzima" ikikaa juu, mteja wa Kinondoni atatozwa nauli ya Bukoba. Kwa mizigo ya basi andika wazi nani analipia, mteja aichukue stendi gani na aje na nini, na mtumie picha ya risiti ya basi mzigo ukishapokelewa.

Barua pepe za oda zinaingia kwenye taka. Nifanyeje?

Tovuti inatuma kwa jina lako bila kibali. Tuma kupitia SMTP (njia ya kutuma barua pepe kwa akaunti na nywila) kwa bandari 587, kisha weka rekodi za SPF, DKIM na DMARC (zinazothibitisha nani anaruhusiwa kutuma kwa jina lako) kwenye DNS, yaani orodha ya mipangilio ya jina lako. SPF iwe moja tu. Ukiongeza huduma ya pili, iunganishe kwenye mstari ule ule, maana rekodi mbili za SPF hubatilishana.

Jambo la jirani na hilo: ukihamisha tovuti kwenda seva mpya kwa kubadili seva za majina (zinazotunza rekodi za DNS), rekodi za MX (zinazosema barua pepe zipelekwe wapi) hazikufuati zenyewe. Tovuti itafunguka vizuri na barua pepe zitakauka. Nakili rekodi zote kabla ya kuhama, na siku moja kabla punguza TTL (muda ambao rekodi ya zamani hukumbukwa mtandaoni) iwe sekunde 300.

Nilipie cheti cha SSL?

Hapana. Cheti cha Let's Encrypt ni bure na seva nyingi hukiweka zenyewe. Kwa kawaida hudumu siku 90 na hujihuisha. Kisipojihuisha, mara nyingi jina limeelekezwa seva nyingine.

Miezi miwili sasa na Google haituonyeshi.

Kabla ya kumlipa mtu, ingia mipangilio ya kusoma ya WordPress utazame kisanduku kinachozuia injini za kutafuta. Mafundi hukitia tiki wakati wa ujenzi na kusahau kuiondoa. Kama hakina tiki, thibitisha tovuti kwenye Google Search Console (huduma ya Google kwa wenye tovuti), wasilisha ramani ya tovuti (orodha ya kurasa zake), na ufungue wasifu wa biashara kwenye ramani za Google. Vichwa vya kurasa viandikwe kama watu wanavyotafuta: "Vitenge vya wax yadi 6, Kariakoo" kina maana kuliko "Karibu nyumbani".

Sheria inanihusu vipi?

Kuuza mtandaoni ni kuuza. Leseni, kodi na risiti za EFD (Kenya, eTIMS) ni zile zile. Na ukishakusanya majina, simu na mitaa ya wateja, unaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, au kwa Kenya sheria ya 2019. Kusanya unachohitaji kupeleka mzigo, basi. Usimwombe mtu namba ya NIDA ili umuuzie kanga.

Nimesasisha programu-jalizi, tovuti imekuwa nyeupe tupu.

Usifute kitu. Kwanza angalia barua pepe ya msimamizi. WordPress hutuma kiungo cha kuingilia kwa dharura. Kama haijaja, ingia kwenye mafaili ya seva, fungua wp-content, na ulibadili jina folda la programu-jalizi uliyosasisha mwisho, kwa mfano kwa kuongeza "-zima". Tovuti ikirudi, umempata mkosaji. Isiporudi, libadili jina folda zima la plugins, ingia kwenye usimamizi wa WordPress, lirudishie jina lake, kisha washa moja moja.

Kama programu-jalizi hiyo ni ya kulipia lakini uliipata bure kwa njia ya pembeni, usiirudishe kabisa. Nyingi za aina hiyo hubeba mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mdukuzi kuingia. Badili nywila zote, za seva, za WordPress na funguo za malipo, halafu rudisha nakala rudufu ya kabla hujaiweka. Nakala hiyo iwe nje ya seva, kwenye kompyuta au hifadhi ya mtandaoni, na uwe ulishajaribu kuirudisha angalau mara moja siku ambayo duka lilikuwa salama.